Mke wa Pili na Siku ya Hukumu

Watu wa Gatwekera, hapo Kibera, walisema Aoko amemkimbia mume mgonjwa. Na watu wa Gatwekera wakishasema jambo, hata malaika Gabrieli akishuka na ushahidi wake ataambiwa apange foleni. Walisema ameona mifupa ya mumewe imetokeza, ameona kazi imekwisha, basi amefunga virago akaenda Kawangware kutafuta mwanamume mwenye nyama mwilini. Mama mmoja anayeuza dagaa wa omena njiani aliapa kwamba huyo mwanamume amemwona kwa macho yake, na ana gari. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Hakuna aliyemwuliza Aoko mwenyewe, na hata angeulizwa asingejibu.

Aoko alimwacha Osewe ili Osewe aingie mbinguni. Hilo ndilo jambo lenyewe, na mengine yote yanafuata hapo.

Osewe alikuwa mchoraji wa mabango. Ukitoka kituo cha Olympic ukishuka kuingia Kibera, yule samaki anayecheka juu ya sahani kwenye ukuta wa hoteli, lile jino kubwa kama kiti kwa mng'oa meno, vile vichwa vilivyonyolewa pembeni kwenye kila kinyozi, vyote vilikuwa kazi yake. Uso alijua kuuchora mpaka ukiuita unaitika. Mikono ndiyo ilimshinda. Vidole vyake vilitoka vinne au sita, hata siku moja havikukubali kuwa vitano, kwa hiyo watu wake wote aliwachora wameingiza mikono mifukoni. Ukimwona mtu kwenye ukuta wa Kibera amesimama kama anayetafuta funguo, jua huyo ni wa Osewe.

Alikuwa na wake wawili, kama wanaume wengi wa kwao walivyokuwa nao. Rosebella alimwoa kwa pete kanisani wangali vijana, naye alikaa nyumbani Alego, akalima na kutunza boma. Aoko alimwoa baadaye kwa ng'ombe, mbele ya wazee wa kwao, akaishi naye Nairobi. Hao wawili hawakuwahi kukwaruzana. Rosebella alituma unga wa mtama na samaki wa kukausha, Aoko alituma sukari na vitenge, na kwenye simu waliitana nyieka, yaani mke mwenzangu, wakamsengenya mume wao kwa raha zao. Mtu wa nje angefikiri ni dada wawili wenye kaka mmoja mkaidi.

Mambo yaliharibikia kwenye kitambaa. Chini ya Olympic kulikuwa na kanisa dogo la mabati likiitwa Taa Inayowaka, na mchungaji wake, Shiundu, fundi wa vitanda kutoka Butere, alitaka kitambaa chenye picha kubwa ya Siku ya Hukumu cha kutundika nyuma ya madhabahu. Akamtafuta Osewe. Osewe hakuwahi kufungua Biblia ila kutafuta karatasi ya kusokotea sigara, lakini huwezi kuchora usichokijua, basi akasoma. Alisoma zile sura za mwisho mara nyingi, akachora kiti cheupe cha enzi, na waliookolewa mkono wa kuume, na waliopotea mkono wa kushoto, wote mikono mifukoni. Moto aliuchanganya mwenyewe, nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya bucha na manjano ya duka la simu, akaupaka mara tatu ili ukolee. Kitambaa kilipokamilika watu walikuja kutoka hadi Makina kukitazama. Mchoraji mwenyewe hakulala vizuri tena.

Akaokoka, na Aoko akaokoka pamoja naye. Lakini kanisa lilikuwa na sheria. Mwanamume wa wake wawili, na yule mke wa pili, waliruhusiwa kuimba, kufagia na kutoa sadaka. Kubatizwa na kushiriki meza ya Bwana, hapana, mpaka mwanamume arudi kwa mke wa pete na wa pili aende zake. Basi miaka yote hiyo Osewe na Aoko walikaa kwenye benchi la karibu na mlango. Meza ilipoandaliwa waliinuka wakatoka nje, wakasimama kwenye jua mpaka wenzao wamalize kula. Sadaka yao haikuonekana kuwa na dhambi yoyote. Osewe alikuwa akifanya mzaha kwamba mbinguni nako watakaa karibu na mlango, angalau kuna hewa.

Kisha ini likamwanza. Madaktari walimpiga picha, wakatazamana, wakamwambia Aoko ampeleke nyumbani ampe chochote atakachotaka kula. Aoko hakusoma sana, ila lugha hiyo mtu hahitaji kutafsiriwa. Alimrudisha kwenye chumba chao, akamlaza kwenye kitanda alichokitengeneza Shiundu mwenyewe, akangoja aseme anataka nini. Osewe hakutaka chakula. Alitaka kubatizwa.

Aliogopa. Mchana, akisinzia, alikunja miguu mpaka magoti yakagusa kidevu, akasema moto umefika kwenye vidole. Alilia kwa sauti nyembamba ambayo Aoko hakuwahi kuisikia kwake, na alipoamka aliona haya, akasema ni dawa tu. Aoko alikuwa mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko wa ugali. Kifo chenyewe angekivumilia. Wajane wamejaa Kibera, wanauza mboga na wanacheka. Kilichomvunja ni kwamba Osewe ataungua, na hata moto ukizimika huku utawaka kule, milele na milele, na kuni za moto huo zitakuwa yeye Aoko.

Mchungaji Shiundu alikuja na wazee wawili wa kanisa. Aliketi kwenye kigoda, kofia mkononi, akasema Mungu ni mwenye huruma ila neno lake halipindwi: Osewe abaki na yule aliyemvisha pete, amwache huyu, ndipo maji yaletwe. Alipokuwa akisema hivyo machozi yalimtoka. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipouma, maana mtu mbaya ungemtukana ukapona. Osewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani akasema amechoka, waje siku nyingine.

Aoko aliwasindikiza mpaka kwenye daraja la mtaro. Wazee walipotangulia alimwuliza Shiundu kama yeye mwenyewe akiondoka, bila kufukuzwa, itahesabiwa kuwa wameachana. Shiundu alisema itahesabiwa, mradi asikanyage tena nyumba hiyo Osewe akiwa hai, kwa sababu toba ya mlango ulioachwa wazi ni mzaha. Na Osewe kwa kinywa chake aseme amemwacha. Hayo yakitimia kanisa litambatiza kitandani kwa beseni, na atakufa kama mtoto aliyezaliwa leo.

"Basi usimwambie kwa nini nimeenda," Aoko alisema. "Akijua, atanikataza. Na akinikataza mimi nitabaki. Niapie."

Shiundu aliinua mkono akaapa. Aoko akarudi nyumbani amepiga moyo konde.

Siku hiyo alimpikia Osewe uji mwepesi, akamwosha mwili mzima kwa maji ya vuguvugu, akabadilisha shuka, akamkata kucha za mikono na za miguu. Binti yao Whitney alikuwa kazini, saluni huko juu Olympic. Aoko alivaa viatu vya kutokea, akachukua mfuko wake uliokuwa nyuma ya pazia, akasimama mbele ya kitanda. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, akayachagua makali kabisa, maana alimjua mumewe: ukimwacha na tone la upendo atalifuata akitambaa.

"Baba Whitney, mimi nimechoka," alisema. "Niliolewa na mchoraji. Sikuolewa na kitanda."

Osewe alimtazama. Aoko aliomba moyoni amtukane, amwite malaya, ampigie kelele majirani wasikie. Lingekuwa jambo jepesi. Macho ya Osewe, ambayo sasa yalikuwa ya manjano kama ile rangi ya duka la simu, yalimzunguka usoni polepole, yakatua kwenye mfuko.

"Unaenda kwa Hope?"

"Naenda kwa Hope."

"Chukua ile blanketi nzito," alisema. "Kawangware kuna baridi kushinda hapa."

Aliichukua. Angesema hapana angemwangukia kifuani, na kazi yote ingeharibika. Aliikunja kwapani akatoka, akapita mbele ya yule mama wa omena bila salamu, na ndipo habari za mwanamume mwenye gari zilipozaliwa.

Hope alikuwa mdogo wake Aoko, tumbo moja, aliyepanga chumba Kawangware, upande unaoitwa Kongo, na kuuza chapati Riruta Satellite. Alimpokea dada yake bila maswali mengi siku ya kwanza, na kwa maswali mengi sana siku zilizofuata. Aoko alimwambia anapumzika kidogo. Simu aliizima akaitumbukiza ndani ya mkebe wa unga, kwa sababu alijijua: sauti ya Osewe ikisema tu haloo, angekuwa ameshafika Gatwekera kabla haijamaliza neno. Aliacha kula ila chai ya rangi. Alipiga magoti kati ya jiko na ndoo ya maji, Hope akimruka akipika, akamwomba Mungu aharakishe lile beseni.

Na kidogo, ndani ya maombi hayo, alipata furaha. Alimwona Osewe amevaa nyeupe, tumbo lake limerudi lilivyokuwa kabla ya kuvimba, na malaika mmoja anamwonyesha ukuta mrefu usio na doa, anamwambia, haya, chora. Alimwona akichora mikono, na vidole vinakubali kuwa vitano. Yeye mwenyewe hakujiweka kwenye picha hiyo. Haikumjia kabisa kujiuliza nafasi yake iko wapi.

Siku moja alishindwa. Alitoka Kongo kwa miguu, akaambaa Ngong Road na wale vibarua wanaorudi, akafika Olympic pale njia inaposhuka. Kutoka hapo unaona mabati ya Gatwekera yote, yenye kutu na mapya, na ukijua ya kwako unaweza kuyatafuta kwa macho mpaka ukayapata. Aliyapata. Aliona hata lile jiwe waliloweka juu ili upepo usiyafunue. Miguu ilitaka kushuka, akaikataza. Alijikumbusha toba ya mlango ulioachwa wazi. Alisimama mpaka yule mama wa omena alipopanda akamwona, akatema mate kando, akapita. Aoko akageuka, akarudi Kongo kwa njia ile ile.

Shiundu alikuja asubuhi moja ya wiki iliyofuata, nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hope alikuwa ametoka na beseni lake la chapati. Aoko alimwona mlangoni amevua kofia, akafikiri ni habari njema, akamkaribisha kwa haraka, akapangusa kigoda kwa kanga yake.

"Amebatizwa?"

Shiundu hakukaa. Alisema kwamba jana walienda wote, wazee na kina mama wa kwaya, na maji yalikuwa yamepashwa moto. Walimwimbia. Osewe alikuwa na nguvu kidogo, akaomba ainuliwe mto. Ndipo Shiundu alipomwuliza mbele ya mashahidi, Osewe, unamwacha Aoko? Osewe akajibu kwamba Aoko ameshamwacha yeye, hakuna cha kuacha. Shiundu akamwambia hata hivyo aseme kwa kinywa chake, ni neno moja tu.

"Akakataa," Shiundu alisema. "Akasema, 'Aoko ana hasira, lakini hasira yake mimi naijua, haimalizi mwezi. Atarudi. Akirudi akute nimemkana mbele ya watu, ataingilia wapi?' Akasema tuyamwage hayo maji. Nilimsihi, mama. Nilimwambia kuhusu moto. Akaanza kutetemeka, meno yakigongana, na bado akakataa. Akasema, 'Basi niungue, lakini mlango wa Aoko sifungi.'"

Aoko alisikia maneno hayo yote, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililopotea.

"Ungemwambia," alisema. "Ungemwambia nimeenda kwa ajili yake."

"Uliniapisha. Nilitoka pale nikakupigia unifungue mdomo. Simu ikasema mteja hapatikani. Nikapiga mpaka usiku. Nikasema leo kukicha nitakuja mwenyewe." Shiundu aliikunja kofia mara mbili. "Nilipofika Olympic Whitney alinipigia. Amekufa alfajiri."

Aoko hakupiga mayowe. Kwao mwanamke hupiga mayowe mume akifa, hata majirani wasiompenda wakatoka nje, na Aoko alikuwa na sauti ya kusikika Satellite. Lakini mayowe ni ya mke, na yeye alikuwa amejivua ndoa hiyo kwa mdomo wake. Alikaa chini sakafuni karibu na mkebe wa unga. Akauliza Osewe yuko wapi sasa. Shiundu alisema mwili uko chumba cha maiti. Aoko akasema hakuuliza habari za mwili.

Shiundu akatazama sakafu. "Mimi si hakimu," alisema.

Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwema na hakujua afanye nini na wema wake, alimwambia jambo la kumfariji. Alisema Aoko sasa ni mtu huru. Alitoka katika ile ndoa kabla ya kifo, kwa hiari yake, kwa gharama kubwa, na Mungu ameona. Hakuna tena kizuizi. Jumapili hii hii anaweza kubatizwa na kuketi mezani na wenzake.

Ilimchukua Aoko kitambo kuelewa anachoambiwa. Alikwenda Kongo kumnunulia Osewe mbingu, na alipofungua mkono akakuta mbingu hiyo imeandikwa jina lake mwenyewe. Osewe amebaki nje. Amebaki nje akimngoja.

"Unaweza kurudishwa?" aliuliza.

"Nini?"

"Huo wokovu. Mtu akipewa halafu hautaki."

Shiundu akaomba, akaondoka.

Aoko aliitoa simu kwenye unga, akaiwasha, na kabla hajajua ampigie nani ikalia. Alikuwa Rosebella. Alikuwa ameshaamka na msiba, ameshalia, ameshapanda gari la kuja Nairobi, na sauti yake ilikuwa imekauka. Whitney alikuwa amemweleza kila kitu kama alivyokijua yeye, yaani uongo mtupu. Aoko alijaribu kumweleza ukweli, akajikwaa, akaanza tena. Rosebella alimsikiliza mpaka Aoko alipofika kwenye pete.

"Nyieka, pete yenyewe niliiuza zamani," alisema. "Mwaka ule wa njaa. Nilinunua mbegu. Osewe alijua, akacheka." Aoko akamsikia anapenga kamasi. "Usikae nje ya nyumba ya mume wetu kama mgeni. Ingia ukae, mpaka nifike."

Basi Aoko akarudi Gatwekera na blanketi kwapani. Majirani waliokuwa wamejaa mlangoni walimpisha kama unavyompisha mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Ndani, kitanda kilikuwa kimevuliwa godoro. Whitney alikaa pembeni, macho mekundu, na juu ya kiti kulikuwa na makoti mawili, sweta lake la zamani la shule, na pazia lililotolewa dirishani. Aoko aliuliza hizo nguo ni za nini. Whitney alimwambia kwamba baba yake alikuwa akisikia baridi, na blanketi iliyobaki ilikuwa ile nyembamba.

Alimweleza Whitney yote. Alimweleza akiwa amesimama, mfuko bado mkononi, maana hakukaribishwa kukaa. Msichana alimsikiliza akitazama miguu yake mwenyewe, na hasira iliyokuwa imemkaza uso ikaanza kulegea, na ilipolegea chini yake hakukuwa na msamaha bado, kulikuwa na uchovu tu.

"Alikuwa anakupigia kila asubuhi, mathe," Whitney alisema. "Mteja. Alafu ananiambia labda stima imepotea huko Kongo. Kila siku ni stima tu imepotea." Akajifuta pua kwa kiganja. "Si ungemshow tu ukweli. Angekataa, akufe akikushika mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa inaogopesha?"

Aoko alikaa juu ya mbao tupu za kitanda, akaifungua ile blanketi nzito, na hakujua aifanyie nini, akaikunja tena. Hapo ndipo mayowe yalipomtoka. Yalitoka yenyewe, bila ruhusa ya kanisa wala ya mila, hata yule mama wa omena akaacha samaki wake akaja mbio, akasimama mlangoni, akaanza kulia naye bila kujua analia nini.

Siku waliyomaliza mipango ya kumpeleka Osewe Alego, Shiundu aliomba aje kufanya maombi nyumbani kabla ya safari. Wazee wa kanisa hawakupenda, kwa kuwa marehemu alikataa maji, lakini Shiundu alisema atakuja kama fundi aliyetengeneza kitanda, na wakinyamaza atashukuru. Alikuja mchana, wazee nyuma yake. Rosebella alikuwa amefika, amekaa kwenye mbao bega kwa bega na Aoko, na Whitney miguuni pao. Chumba kilijaa mpaka nje.

Shiundu aliimba kidogo, akaomba kidogo, na alipofungua kinywa kuhubiri likamtoka lile alilolizoea. Alisema habari za Siku ya Hukumu, wakubwa kwa wadogo mbele ya kiti cheupe, na vitabu kufunguliwa. Alisema hakuna lililofichwa litakalobaki limefichwa. Tuliyoyafanya gizani, tuliyowaficha majirani, hata yale tuliyowaficha waume zetu na wake zetu, yote yatasomwa. Watu waliinamisha vichwa, kila mmoja na lake. Yule mama wa omena alijifunika leso usoni.

Aoko aliinua kichwa. Tangu arudi hakuwa amemtazama mchungaji machoni.

"Hivyo vitabu," alisema, na watu wakageuka, kwa sababu hakuna anayeuliza swali katikati ya mahubiri. "Vitasomwa kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama."

"Na wale wa mkono wa kushoto watakuwa wangali wapo wakisikia? Ama watakuwa wameshapelekwa?"

Shiundu alielewa. Alitazama Biblia yake, akaifunga juu ya kidole.

"Watakuwepo," alisema. "Kila mtu atasimama pale mpaka yote yasomwe. Wote watasikia."

"Nilichofanya, na kwa nini nilifanya?"

"Na kwa nini."

Rosebella aliushika mkono wa Aoko akauweka mapajani mwake. Chumbani humo hakukuwa na mtu asiyeiogopa siku hiyo, wazee wa kanisa wakiwa wa kwanza. Aoko aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia akaielewa.

"Basi na ije," alisema. "Hata leo."